Neno Lililoandikwa na Neno Lililohifadhiwa: Uaminifu na Urekebishaji wa Hifadhidata Chopekwa katika Seva ya Kamusi

Ikisiri

Makala haya yanajadili uaminifu wa hifadhidata chopekwa, yaani programu ya kuhifadhi data inayoishi ndani ya programu nyingine badala ya kusimama peke yake, pale inapotumika katika seva ya kamusi. Inaelezwa kwamba kati ya kuliandika neno na kulihifadhi pana umbali, na kwamba marekebisho mengi yanayofanywa ili kuongeza mwendo wa uandishi huurefusha umbali huo. Mfano unaotumika ni wa msamiati wa Kisukuma, kama ungekusanywa katika kata ya Kasoli, wilayani Bariadi. Hoja yetu ni kwamba uamuzi juu ya umbali huo ni wa mwenye data na hauwezi kuachiwa fundi peke yake.

1.0 Utangulizi

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kukusanya majibu ya wananchi kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Watu 61,741,120 walihesabiwa kwa njia hiyo, na baadaye vishikwambi hivyo viligawiwa kwa walimu. Katika ukusanyaji wa namna hii majibu huingia kwanza katika hifadhi iliyomo ndani ya kifaa chenyewe, kisha husafirishwa kwenda kwenye seva mtandao unaporuhusu. Wanaisimu nao wameingia katika utaratibu huohuo. Mtafiti wa msamiati aliyekuwa akienda vijijini na kadi zake pamoja na kinasa sauti, leo huenda na kishikwambi. Na idara iliyokuwa na makabati ya kadi, leo ina seva moja ndogo pembeni mwa chumba.

Kadi ilikuwa na sifa moja ambayo hatukuithamini tulipokuwa nayo. Wino ukishakauka, neno limehifadhiwa. Umeme ukikatika kadi haina habari. Kwa kompyuta mambo sivyo yalivyo, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tumeichagua Kasoli iwe uwanja wa mfano wetu kwa sababu ya lugha. Kisukuma (F21 katika uainishaji wa Guthrie) kina lahaja zinazotambulikana hata kwa jina ambalo wasemaji huipa lugha yao: upande wa magharibi hutumika kiambishi ki-, upande wa kaskazini mashariki, ambako ndiko Bariadi iliko, hutumika gɨ- (GɨmunaNtuuzu), na upande wa kusini mashariki hutumika ji-. Aidha, Kisukuma kina irabu saba zenye ufupi na urefu, na kina toni. Mambo haya yameelezwa kwa kina na Batibo (1985). Kwa hiyo data za Kasoli ni data zenye alama nyingi ndogo ndogo, na alama ndogo ndizo za kwanza kupotea pale hifadhi inapokuwa haiaminiki. Yafaa ieleweke kwamba mtafiti anayetajwa hapa ni wa kufikirika. Matatizo anayokutana nayo siyo.

2.0 Juu ya Istilahi

Neno kuchopeka si geni kwa wasomaji wa sintaksia. Kishazi kinapochopekwa ndani ya kishazi kingine hakisimami peke yake. Hukaa ndani ya mwenyeji wake na hukoma pale mwenyeji anapokoma. Hali ni hiyohiyo kwa hifadhidata tunayoizungumzia. Hifadhidata za aina ya kwanza, kama vile PostgreSQL, husimama peke yake: ni programu kamili inayongojea maombi ya programu nyingine na kuyajibu. Hifadhidata chopekwa haingojei mtu. Ni maktaba ya maagizo iliyoingizwa ndani ya programu ya kamusi, nayo husoma na kuandika faili moja kwa moja. Hakuna bawabu kati ya programu na data.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ken Thompson alitunga dbm kwa ajili ya mfumo wa Unix mwaka 1979. Kutokana na ukoo huo ikaja Berkeley DB kutoka Chuo Kikuu cha California. SQLite, ambayo leo imo karibu katika kila simu ya kisasa, ilitolewa na D. Richard Hipp mwaka 2000, na LMDB ya Howard Chu ilifuata mwaka 2011. Asili ya SQLite inatuhusu. Hipp alikuwa akifanya kazi katika programu ya manowari ya jeshi la maji la Marekani. Seva ya hifadhidata iliposimama, programu yake nayo ilishindwa kufanya kazi, ingawa haikuwa na kosa lolote. Akajiuliza kwa nini programu isisome data yake yenyewe bila kumtegemea mpatanishi. Swali hilo lilizaliwa kwenye manowari, lakini ni halali pia kwa idara ya lugha isiyo na fundi wa kuiangalia seva usiku na mchana.

Istilahi nyingine tutakazotumia ni chache. Muamala ni kundi la mabadiliko ambayo hukubaliwa yote au hukataliwa yote. Kuthibitisha muamala ni kutamka kwamba umekubaliwa. Shajara ni faili ya pembeni inayoandikwa ili mabadiliko yaweze kurudishwa nyuma au kukamilishwa baada ya ajali. Kufuli ni kizuizi kinachomzuia mwandishi wa pili asiandike wakati wa kwanza hajamaliza.

3.0 Maana ya "Imehifadhiwa"

Tuanze na neno ambalo mtumiaji huliona kwenye kioo: Imehifadhiwa. Kiambishi -me- katika Kiswahili hakisemi tu kwamba tendo lilitokea. Kinadai kwamba tendo limekamilika na hali iliyotokana nalo ingalipo. Mtu akisema "mlango umefungwa" tunatazamia kuukuta umefungwa. Hivyo kompyuta inapotamka "imehifadhiwa" inatoa dai juu ya hali ya ulimwengu, na ni halali kuuliza kama dai hilo ni la kweli wakati linapotolewa.

Mara nyingi bado si la kweli. Neno lililochapwa hupitia vituo kadhaa kabla ya kufika mahali pa kudumu. Kwanza liko katika kumbukumbu ya programu yenyewe. Programu ikiagiza liandikwe, linakabidhiwa kwa mfumo endeshi, ambao huliweka katika kumbukumbu yake na kurudisha jibu mara moja kwamba agizo limepokewa. Mfumo endeshi hulipeleka kwenye diski kwa wakati wake, na diski nayo, hasa zile za bei nafuu, ina kumbukumbu yake ya muda. Umeme ukikatika wakati neno liko katika kituo chochote kati ya hivyo, neno limekwenda. Ili kulazimisha neno lishuke hadi chini, programu hutoa agizo maalumu la ushushaji, kisha hungoja. Kungoja huko ndiko kunakoifanya hifadhidata iwe nzito, na ndiko ambako kila fundi mwenye haraka hutamani kukuondoa.

Kupotea kwa neno moja si balaa kubwa kuliko zote. Balaa kubwa ni neno kuandikwa nusu. Ingizo moja la kamusi hugusa kurasa kadhaa za faili: ukurasa wa ingizo lenyewe, wa faharasa ya vidahizo, wa faharasa ya mizizi. Ajali ikitokea baada ya ukurasa wa kwanza na kabla ya wa tatu, faharasa itaelekeza mahali pasipo na kitu, au ingizo litakuwepo lakini lisipatikane. Haerder na Reuter (1983) walizikusanya sifa za muamala ulio salama: usiogawanyika, usiovunja kanuni za data, usioingiliwa na mwingine, na wenye kudumu. Shajara ndiyo inayozilinda sifa ya kwanza na ya mwisho.

Shajara ni za namna mbili. Katika namna ya zamani, hifadhidata hunakili kwanza kurasa kama zilivyokuwa, hushusha nakala hiyo diskini, ndipo huanza kubadilisha faili kuu. Ajali ikitokea, atakayefungua faili baadaye huikuta shajara, hujua kwamba kazi haikuisha, na huyarudisha mambo yalivyokuwa. Katika namna ya pili, tuiite shajara tangulizi, faili kuu haiguswi. Kurasa mpya huandikwa mwishoni mwa shajara, na baadaye huhamishiwa katika faili kuu kwa mkupuo. SQLite iliingiza namna hii ya pili katika toleo 3.7.0 la mwaka 2010. Karani wa chama cha ushirika huko Simiyu anayepokea pamba angeielewa bila taabu: hukata stakabadhi papo hapo mkulima akiwa mbele yake, na daftari kuu hulijaza jioni. Stakabadhi zikiwapo, daftari linaweza kujengwa upya.

Inafaa kuongeza kwamba hifadhidata nzuri hujaribiwa dhidi ya ajali hizi kwa makusudi. Msimbo wa majaribio wa SQLite una mistari mara mia kadhaa kuliko ya programu yenyewe, na sehemu yake huigiza kukatika kwa umeme katikati ya uandishi. Hata hivyo, hifadhidata haiwezi kuwa mkweli kuliko vilivyo chini yake. Pillai na wenzake (2014) walionyesha kwamba mifumo ya faili hutofautiana sana katika mpangilio wa kushusha maandishi, na kwamba programu mashuhuri zilikuwa zikitegemea mpangilio ambao haukuahidiwa na mtu. Mwaka 2018 watunzi wa PostgreSQL nao waligundua kuwa Linux ikishindwa kushusha ukurasa ingeweza kutoa taarifa mara moja tu, na ombi la pili likajibiwa kana kwamba mambo ni salama. Mwaka 2019 wakaibadilisha programu yao ili isimame kabisa inapopata taarifa ya namna hiyo na ijirekebishe kutokana na shajara, badala ya kujaribu tena.

4.0 Mwenyeji Anapokufa

Udhaifu ulio wa hifadhidata chopekwa peke yake unatokana na uchopekwaji wenyewe. Mfano ulio wazi ni wa Subversion, programu ya kutunza matoleo ya maandishi, ambayo mwanzoni ilihifadhi kila kitu katika Berkeley DB. Hiyo ilikuwa programu ya seva: watu wengi, michakato mingi, faili zilezile. Kufuli za Berkeley DB zilikaa katika eneo la kumbukumbu lililoshirikiwa na michakato yote. Mchakato mmoja ulipokufa ghafla huku umeshika kufuli, hakuna aliyeifungua. Wengine walingoja bila kikomo, na hazina nzima ikakwama mpaka msimamizi aje kuendesha urejeshaji kwa mkono. Data kwa kawaida ilikuwa salama. Ilikuwa salama lakini haifikiki, jambo ambalo kwa mtumiaji wa kamusi halina tofauti kubwa na kupotea. Mwaka 2004 toleo 1.1 lilileta hifadhi nyingine isiyotumia Berkeley DB, na katika toleo lililofuata hiyo ndiyo ikawa ya kawaida.

Kosa halikuwa la Berkeley DB kwa maana ya kuharibu data. Nyaraka zake zilieleza wazi kwamba urejeshaji ulihitajika. Kosa lilikuwa la kudhani kwamba mwenyeji hafi. SQLite inalikwepa tatizo hili kwa kutumia kufuli za mfumo endeshi, ambazo huachiwa zenyewe mchakato unapokufa, na kwa kumwachia yeyote atakayefungua faili baadaye kazi ya kuisafisha. Lakini kufuli hizo zina kasoro yake. Katika mifumo ya jamii ya Unix, mchakato uleule ukiifungua faili ya hifadhidata kwa njia nyingine, tuseme ili kuinakili, kisha ukaifunga, kufuli zote ambazo mchakato huo ulikuwa umezishika juu ya faili hiyo huachiwa, pamoja na zile ambazo hifadhidata inazitegemea. Kwa hiyo programu ya kamusi inayojinakili yenyewe kila usiku kwa amri ya kawaida ya kunakili faili inaweza kuwa ndiyo mharibifu. Vilevile, faili ya hifadhidata chopekwa isiwekwe katika diski ya mtandao inayotumiwa na kompyuta kadhaa, kwa sababu kufuli katika diski hizo mara nyingi ni za jina tu, na shajara tangulizi huhitaji watumiaji wote wawe katika kompyuta moja.

5.0 Urekebishaji: Ni Kipi Tuko Tayari Kukipoteza?

Watu wanapozungumzia kurekebisha hifadhidata huwa wanakusudia kuongeza mwendo. Tunaona afadhali swali lianzie upande wa pili.

Hesabu moja itatosha kuonyesha bei ya uaminifu. Diski ya sumaku inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Muamala mmoja uliothibitishwa kikamilifu hungoja takriban mizunguko miwili, kwa hiyo diski hiyo haiwezi kuthibitisha zaidi ya miamala 60 hivi kwa sekunde, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani. Maneno 6,000 ya Kasoli yakiingizwa kila moja kama muamala wake yatachukua sekunde 100. Yakiingizwa yote katika muamala mmoja, kazi inaweza kuisha kabla ya sekunde moja. Diski za kisasa zisizozunguka zina kasi zaidi, lakini uwiano huo haujatoweka.

Sasa tuziangalie data zenyewe. Neno ambalo mtafiti amelipata kwa mzee wa Kasoli, akalisikia, akauliza toni yake mara tatu na kuliandika, liko mahali pamoja tu duniani: ndani ya kishikwambi. Likipotea hapo halirudi, na pengine mzee naye hatakuwapo mwaka ujao. Neno hilo lithibitishwe peke yake na kushushwa hadi diskini kila mara. Mtafiti huandika maneno machache kwa dakika, kwa hiyo kumwongezea mwendo hapa ni kuuza kitu cha thamani kwa faida isiyoonekana. Tumeona programu za ukusanyaji ambazo hukusanya majibu ishirini au hamsini kabla ya kuthibitisha, eti kwa ajili ya wepesi. Wepesi huo anaufaidi nani?

Maneno hayohayo yanapopakiwa kwenye seva ya idara hali ni nyingine. Kishikwambi bado kina nakala, kwa hiyo seva inaweza kuyaingiza kwa mafungu makubwa na hata kulegeza ushushaji. Umeme ukikatika, upakiaji utarudiwa. Sharti ni moja: kishikwambi kisifutwe mpaka seva ithibitishe kwa ushushaji kamili kwamba imepokea. Masahihisho ya wahariri ni ya namna ya tatu. Hayo huzaliwa ndani ya seva na hayana nakala kwingine, kwa hiyo yanarudi katika hukumu ya kwanza. Ama kumbukumbu za nani alitafuta neno gani na saa ngapi, ni za takwimu tu, na hata za saa nzima zikipotea hakuna atakayelia.

Katika lugha ya SQLite, hukumu hizi hutekelezwa kwa agizo la ushushaji lenye viwango. Chini ya shajara tangulizi, kiwango cha FULL hushusha shajara kila muamala unapothibitishwa. Kiwango cha NORMAL hushusha wakati wa uhamishaji tu: umeme ukikatika faili haitaharibika, lakini miamala ya mwisho, ambayo mtumiaji alikwisha kuambiwa "imehifadhiwa", yaweza kutoweka. Kipo na kiwango cha kutoshusha kabisa, ambacho kwa data za lugha hatuoni pa kukitumia ila kwa faili itakayoweza kujengwa upya yote. Viwango hivi huwekwa kwa kila faili, hivyo ni busara takwimu za utafutaji ziwe na faili yake, mbali na kamusi. Lakini tahadhari: chini ya shajara tangulizi muamala unaogusa faili mbili hauna dhamana ya kutogawanyika umeme unapokatika. Ingizo na toni zake zikae pamoja.

Jambo la kudumu ambalo hutufanya tupendekeze FULL kwa kazi ya wahariri ni kwamba umeme wa akiba nao hushindwa. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi nazo zilishindwa kuwasha sehemu ya majengo. Idara ya lugha haina jenereta bora kuliko uwanja wa ndege.

Marekebisho mengine hayana gharama ya namna hiyo, na tunaweza kuyapitia haraka. Shajara tangulizi yenyewe ndiyo ya kwanza, kwa kuwa huwaruhusu wasomaji wengi kusoma wakati mwandishi mmoja anaandika. Katika kamusi wasomaji ni wengi na wahariri ni wachache. Muda wa kungoja kufuli katika SQLite kwa kawaida ni sifuri, maana yake mhariri wa pili hukataliwa papo hapo. Ukiwekwa sekunde tano malalamiko mengi hukoma. Muamala unaokusudia kuandika utangaze hivyo tangu mwanzo, usianze kwa kusoma kisha ukaomba kuandika katikati. Uhamishaji hutokea wenyewe shajara inapofikia kurasa 1,000, ambazo kwa ukurasa wa baiti 4,096 ni kama megabaiti nne. Lakini msomaji aliyeacha muamala wake wazi kwa saa nzima huizuia shajara isianze upya, nayo huvimba. Seva ikianza kuwa nzito alasiri bila sababu, huyo msomaji atafutwe kwanza. Kumbukumbu ya kurasa, ambayo kwa kawaida ni megabaiti mbili, iongezwe. Kamusi nzima yaweza kukaa humo.

Kwa kiasi cha kazi, idara isiwe na hofu. Watunzi wa SQLite wanaeleza kuwa tovuti inayotembelewa chini ya mara 100,000 kwa siku haina sababu ya kukimbilia hifadhidata kubwa. Seva ya kamusi ya lugha moja ya jamii itafika huko kwa nadra sana.

6.0 Data Iliyopo Lakini Haipatikani

Hadi hapa tumezungumza kama fundi angezungumza. Lipo eneo ambalo fundi hawezi kulitengeneza bila mwanaisimu, nalo ni utafutaji.

Faharasa ya hifadhidata hupangwa kuanzia herufi ya kwanza ya neno, kama orodha ya majina ya darasa. Mpangilio huo huwafaa wenye lugha ambazo mzizi hutangulia. Katika lugha za Kibantu mzizi wa kitenzi hukaa katikati: hawakumpigia, tutapigana, aliyempiga. Ombi la kutafuta maneno yote yenye -pig- haliwezi kusaidiwa na faharasa ya aina hiyo, na hifadhidata hulazimika kusoma matini yote tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi huona seva ni nzito na huagiza kompyuta mpya. Dawa ni ya kileksikografia, nayo ni kongwe: Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) haikuorodhesha vitenzi kwa viambishi vyake vya nafsi na njeo. Mzizi uwekwe katika safu yake ya pekee na uwe na faharasa yake, na kazi ya kuuchambua ifanywe mara moja wakati wa kuingiza, isirudiwe katika kila ombi. Yupo msaidizi mwingine: tangu toleo 3.34.0 la mwaka 2020, SQLite inaweza kufaharasa matini kwa vipande vya herufi tatu tatu. Huyo hupata -pig- popote ilipo, lakini hupata pia pigo na pigu bila kubagua, na faili huwa kubwa. Tunamwona kuwa ni wa akiba.

Tatizo zito zaidi ni la alama. SQLite hulinganisha maneno baiti kwa baiti. Herufi à inaweza kuandikwa kama alama moja iliyokwisha kuunganishwa, au kama a ikifuatwa na alama ya toni. Machoni ni kitu kimoja. Kwa hifadhidata ni maneno mawili. Kwa ɨ yenye toni hakuna alama moja iliyounganishwa, hivyo daima huwa alama mbili. Watafiti wawili wenye vishikwambi vya aina mbili wanaweza kukusanya neno lilelile, na seva ikayahesabu kuwa tofauti. Na ng' ya ng'wana, ambayo Kiswahili nacho kinayo katika ng'ombe, ina hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba kidole juu hicho kipo cha wima, cha baiti moja, na kipo cha kupinda ambacho programu za uandishi hukiweka bila kuulizwa, cha baiti tatu. Anayetafuta kwa kimoja hapati kilichoandikwa kwa kingine. Ya pili ni kwamba kidole cha wima ndicho hifadhidata hukitumia kuonyesha mwisho wa maandishi. Programu inayounganisha agizo kwa kupachika neno la mtumiaji moja kwa moja itavunjika kwa neno ng'ombe, na mwenye nia mbaya anaweza kuipitishia amri zake mahali hapo. Neno lipelekwe kama thamani iliyofungwa kando na agizo. Njia hiyo ni salama, na tena ni ya haraka zaidi, kwa sababu agizo huandaliwa mara moja na kutumika mara nyingi.

Katika kupanga orodha, kwa mlinganisho huohuo wa baiti, ɨ na ʉ huangukia baada ya z, na mh ya mhayo (yaani neno) au mhola (amani) huchukuliwa kuwa m ikifuatwa na h, ingawa wapo watakaotaka mh ipewe nafasi yake. Agizo la SQLite la kutojali herufi kubwa na ndogo nalo linazijua herufi 26 za Kiingereza tu. Haya yote yanarekebishika. Idara iamue umbo moja la alama, kila neno ligeuzwe kuwa katika umbo hilo mlangoni, kabla halijaingia, na kanuni ya kupanga iandikwe na mwanaisimu kisha iwekwe ndani ya programu. Kazi hii ikiachwa mpaka maneno 20,000 yawe ndani, itakuwa kazi ya miezi.

7.0 Nakala

Faili ya hifadhidata chopekwa ni moja, na hiyo ndiyo raha yake. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka SQLite miongoni mwa miundo inayopendekezwa kwa hifadhi ya muda mrefu ya data, na watunzi wake wamesema wanakusudia kuihudumia hadi mwaka 2050. Kwa data za lugha, zinazopaswa kuishi kuliko mkusanyaji wake, hilo si jambo dogo.

Lakini umoja huo wa faili hudanganya. Wakati seva inafanya kazi chini ya shajara tangulizi, kando ya faili kuu ipo faili nyingine ambayo jina lake huishia kwa -wal, na maneno mapya kabisa yamo humo. Anayenakili faili kuu peke yake kwenye kidole cha data anaondoka bila kazi ya leo, na nakala yake itafunguka vizuri bila kutoa onyo. Nakala ifanywe kwa njia ya hifadhidata yenyewe: ama kwa utaratibu wake wa kunakili ukurasa kwa ukurasa, ama kwa agizo la VACUUM INTO, lililokuja na toleo 3.27.0 la mwaka 2019, ambalo hutoa faili mpya iliyo safi huku wasomaji wakiendelea.

Nakala hiyo ifunguliwe katika kompyuta nyingine, si ile iliyoitoa. Agizo la kukagua uzima wa faili liendeshwe, maingizo yahesabiwe na kulinganishwa na hesabu ya seva, kisha yatafutwe maneno matano ambayo mtafiti mwenyewe anakumbuka aliyaandika siku ya mwisho kijijini, moja liwe na ng', moja liwe na mh, na moja liwe na ɨ yenye toni. Yakipatikana yote matano, vishikwambi vinaweza kufutwa.